Je, bima ya umma ilipie sindano za kibayolojia za soriasisi? Nasema ndiyo, kwa mpangilio

Wadau, kila bima ya afya kwa wote inapojadiliwa hoja hii hurudi: soriasisi ni ugonjwa wa ngozi tu, sindano zake za kibayolojia (dawa za protini zinazotengenezwa kwa kutumia seli hai) ni ghali na haziponyi, kwa hiyo fedha ziende kwenye malaria na uzazi. Hofu ya bajeti naielewa. Kuuita ugonjwa wa urembo nakupinga kabisa.

Seli za tabaka la juu la ngozi, keratinosaiti, huzaliwa chini, hupanda na kupukutika kwa muda wa mwezi hivi. Kwenye soriasisi safari hiyo huisha kwa siku chache. Seli hufika juu hazijakomaa, zikarundikana, ndiyo magamba yale. Anayezisukuma ni kinga ya mwili. Seli T (aina ya chembe nyeupe za damu), zikichochewa na interlukini-23, protini ambayo seli za kinga hutumia kupeana ishara, hutoa protini nyingine ya aina hiyo, interlukini-17. Keratinosaiti zikiipokea hugawanyika upesi, kisha zenyewe hutoa kemikali zinazoita seli nyingine za kinga, na mzunguko unaanza upya. Secukinumab, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2015, ni sindano ya kingamwili inayoikamata interlukini-17A, mojawapo ya aina za hiyo 17. Ishara ikikatika, keratinosaiti hurudia mwendo wake na ngozi hupungua unene. Dawa hii haiichubui ngozi. Madoa meusi yanayobaki kwa miezi kwenye ngozi zetu si dalili kwamba imeshindwa.

Kwamba haziponyi ni kweli. Baadhi ya seli T hubaki ndani ya ngozi iliyokwisha kusafika, na dawa ikisimamishwa ugonjwa mara nyingi hurudi palepale. Lakini insulini nayo haiponyi kisukari, na hakuna anayeiita anasa. Tena soriasisi haiishii kwenye ngozi: kuna wanaoharibika viungo (maungio ya mifupa) wakiwa bado vijana.

Hoja ya wapinzani inayonipa uzito kuliko bei ni kifua kikuu. TNF, protini nyingine ya ishara za kinga, husaidia mwili kuvidhibiti vimelea vya kifua kikuu (TB) vilivyolala. Adalimumab, sindano nyingine ya kibayolojia, huizuia TNF, na TB inaweza kuamka. Kwa nchi zetu, kipimo cha TB kabla ya sindano ya kwanza ni lazima. Dawa zinazolenga interlukini-17 au 23 zina hatari ndogo zaidi kwa upande huo, lakini adalimumab ndiyo yenye nakala za bei nafuu. Zilipoingia sokoni Ulaya mwaka 2018, bei ilishuka sana. Huo ndio mvutano wenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wangu: methotrexate (dawa ya zamani inayotuliza kinga) na tiba ya mwanga wa UVB kwanza, kisha sindano kwa ambaye hizo zimemshindwa. Kinachoniumiza ni wagonjwa wanaopewa vidonge na sindano za steroidi kiholela. Wakiacha ghafla, ugonjwa unaweza kulipuka kwa vipele vya usaha au wekundu wa mwili mzima, wakalazwa. Gharama hiyo nani anaihesabu?

Mlio kwenye bima na kliniki za ngozi, kigezo kiwe nini: eneo la ngozi lililoathirika, viungo, au maisha ya mgonjwa yalivyovurugika? Na mikoani, ambako daktari bingwa wa ngozi ni wa kutafuta, je, maofisa wa afya waliofundishwa pale kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC Moshi waruhusiwe kuidhinisha?