Injini ya mvuke ya kuchezea ya marehemu babu inavuja, fundi anataka kuichomelea na gesi. Nimpe?

Mjukuu_wa_Relwe (Nakuru):
Wadau habari za jioni. Babu alikuwa fayamani wa reli Kisumu enzi zile za mvuke, na bosi wake mzungu alipokuwa anarudi kwao akamwachia kamashini ka kuchezea, lakini injini ya mvuke ya ukweli, boila ya brasi ukubwa wa kopo la maziwa, chini kuna bati jekundu na jina Mamod. Ilikuwa inakaa juu ya kabati na sisi watoto ukiigusa unachapwa. Juzi tukitoa vitu kwa stoo Njoro nikaipata ndani ya gunia, kutu kila mahali, rangi imebanduka upande mmoja.

Nikasema acha nijaribu. Nikaweka maji ya bomba, kile kisahani cha moto nikajaza mafuta taa (msinicheke), moshi mweusi ukajaa jikoni mama watoto akanitoa nje mimi na injini yangu, halafu ilipochemka mvuke ukaanza kutokea pale juu kwa filimbi na gurudumu halisongi hata kidogo. Nikaenda kwa jua kali moja hapa tauni, jamaa akaiangalia dakika moja hivi akasema boila imepasuka, ataichomelea na gesi kisha aipige rangi mpya, 1,500. Bei si mbaya lakini moyo umekataa. Mnasemaje?

Fundi_wa_Kibuye:
USIMPE. Boila za hizo toy zimeungwa na risasi laini, ni kama ile tunaungia waya za redio, inayeyuka chini ya nyuzi 200. Akiwasha gesi hapo, ncha mbili za boila zitadondoka kama kifuniko cha sufuria na utarudi nyumbani na vipande kwa karatasi. Ndio maana pia haiwashwi bila maji, maji ndiyo yanazuia ile risasi isiyeyuke. Na hebu niulize, alikuonyesha imepasuka wapi?

Mjukuu_wa_Relwe:
Hakunionyesha. Alisema tu imepasuka.

Fundi_wa_Kibuye:
Basi hajui. Mvuke ukitokea kwa filimbi mimi naanza na washa, kale kapete ka kuziba. Fungua pole pole.

Msee_wa_Milimani:
Uza hiyo kitu buda, wazungu wananunua hizi vitu eBay. Lipa fees.

Nyar_Ahero:
@Msee_wa_Milimani babu ni wake si wako 😂

Garratt59:
Ndugu, hiyo ni mali. Mamod ni ya Birmingham, Uingereza, ilianzishwa 1937 na Geoffrey Malins. Kama kisahani chako ni cha kumwaga mafuta basi ni ya spiriti, ile ya zambarau ya kununua hadweya, mafuta taa ni makosa kabisa. Walihamia vidonge vya moto katikati ya miaka ya 70 kwa hivyo yako ina umri. Na tafadhali USIPIGE RANGI. Wanaokusanya hizi wanataka rangi ya kwanza hata kama imechubuka, ukipiga mpya umeipunguzia thamani. Usipige msasa pia, rangi za zamani zinaweza kuwa na sumu ya risasi (lead) na una watoto nyumbani. Kitambaa, maji na sabuni kidogo, basi. Ukiwa Nairobi pitia Railway Museum umwone Mount Gelai, ile treni kubwa ya mvuke aina ya Garratt, namba 5918, ndio utajua babu zetu walikuwa wanasukuma nini.

Mwalimu_wa_Fizikia (Kakamega):
Kabla ya kuwasha tena naomba usome hii yote. Juu ya boila kuna valvu ya usalama, ina springi na kamsumari katikati. Vuta hako kamsumari na vidole. Kakikataa kusonga, valvu imeshikwa na kutu, na ndugu yangu hapo ulikuwa na bahati sana, ule uvujaji wa filimbi ndio ulikuokoa. Boila iliyozibwa pande zote na moto uko chini, hiyo ni bomu jikoni.

Gurudumu kukataa ni jambo lingine. Hizi hazina valvu za kuongoza mvuke kama treni, silinda yenyewe inayumba huku na huku, ina tundu linalokutana na la kuingiza mvuke halafu la kutoa. Springi ndiyo inaibana kwa bamba lake. Mafuta ya zamani yakigeuka gundi hapo katikati, haiendi. Toa silinda, safisha sura zote mbili na spiriti, usikwaruze.

Ndani ya boila kama kuna ukoko mweupe wa chokaa, ndimu na maji ya uvuguvugu nusu saa kisha suuza sana. Usilaze usiku, asidi inakula zinki na brasi inabaki nyekundu na dhaifu. Kuanzia hapo tumia maji ya mvua ama maji ya betri (ya kuongeza, SI asidi). Na moto wa spiriti hauonekani kwa jua, usijaze kisahani ukidhani kimezima.

Nyar_Ahero:
Mwalimu ningekuwa na wewe form two singepata D.

Mjukuu_wa_Relwe:
Nimerudi. Kamsumari hakakusonga HATA KIDOGO, nimeketi chini nikajiuliza nimekosaje kuzika mtu. Nimeagiza valvu mpya Uingereza, moto haugusi hii kitu mpaka ifike. Filimbi nilifungua, washa yake ilikuwa imekauka ikavunjika vipande vitatu mkononi, nikapata ya kutoshea kwa spea za pikipiki. Nikaziba matundu, nikazamisha boila kwa beseni, nikapuliza na mpira. Hakuna hata povu moja. Haijapasuka popote.

Silinda ilikuwa na gundi nyeusi kama lami. Nikasafisha, nikaweka tone la mafuta mazito, nikapuliza kwa mdomo kupitia ule mpira na gurudumu likazunguka, tak-tak-tak-tak, nikapuliza mpaka nikaona nyota. Dani, yaani nyanya, alikuwa amelala chumba cha pili, nikasikia kitanda kimelia halafu sauti: “Nani ameguza kitu ya mzee?”