Mjadala: Mchezo wa maandishi uchezwe kwenye kivinjari au tuutengenezee programu yake?

MLETA MADA (Mwanga, Kigoma)
Wakuu, salaam. Hapa Kigoma tunaandaa mchezo wa maandishi wa watu wengi. Unaandika "panda meli" au "nunua dagaa", na wenzako walioko bandarini wanaona ulichofanya. Mtindo wenyewe ni wa zamani. Roy Trubshaw na Richard Bartle waliuanzisha Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, 1978. Seva yetu (kompyuta inayoendesha mchezo) ipo, inatumia Telnet, njia ya zamani ya kutumiana maandishi mtandaoni. Ugomvi uko upande wa mchezaji: wenzangu wanataka kivinjari, mimi nataka programu ya Android. Kivinjari hakiruhusiwi kufungua TCP (muunganisho ambao Telnet hupitia) moja kwa moja, kinajua WebSocket (muunganisho wa kurasa za wavuti), hivyo lazima uweke seva ya kati ya kutafsiri. Gharama juu ya gharama. Nawasilisha.

FUNDI WA UJIJI
Mkuu, umeanzia kwenye jambo dogo. TCP haileti mistari, inaleta mkondo wa baiti, vipande vidogo vya data. "Umefika Kibirizi" inaweza kuja "Umefika Kib", kimya kidogo, halafu "irizi". Msimbo wa kuyapa maandishi rangi nao ukikatwa hapo katikati, mchezaji anaona "[31m" kwenye kioo. Kile kialama cha ">" kinachomwambia aandike hakina mwisho wa mstari, kwa hiyo ukisubiri mstari ukamilike ndipo uonyeshe, hakionekani. Baadhi ya seva hutuma baiti 255 na 249 kumaanisha "zamu yako", nyingine hazijishughulishi. Na mkiwasha ubanaji wa data, mtalia: baiti inayofuata tangazo la kuanza kubana tayari ni zlib, yaani data iliyobanwa, hata kama imekuja ndani ya pakiti ileile. Aliyesoma pakiti nzima kama maandishi anapata takataka. Chagua kivinjari, chagua programu, haya yanakusubiri.

DADA WA TABORA
Mimi sioni, nasomewa na TalkBack, kisoma kioo cha simu za Android, na michezo ya maandishi ndiyo naiweza bila msaada wa mtu. Programu nyingi zinasoma upya kioo kizima kila mstari mpya ukiingia. Nipo vitani, inanirudishia bei za dagaa! Ukurasa wa kivinjari unaweza kuandikwa utangaze kilichoongezeka tu. Kura yangu kivinjari.

MLETA MADA
Dada, programu nayo inaweza hivyo, ila nakubali wengi hatukumbuki. Nitaje na kibodi: Kiswahili hakina herufi za ajabu, nikadhani tumesalimika. Kumbe kibodi za baadhi ya simu hugeuza alama ya "ng'ombe" ikawa ile iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 (namna kompyuta inavyoandika herufi kwa baiti) ni baiti tatu. Seva inajibu haimjui mnyama huyo. Sasa tunainyoosha kabla ya kutuma.

FUNDI WA UJIJI
Turudi kwenye seva ya kati unayoikataa. Simu ikitoka Wi-Fi kwenda kwenye bando, anwani inabadilika na TCP inakufa. Tangu Android 6.0 simu iliyolala inazinyima programu mtandao, ukitaka kubaki hewani uombe ruhusa maalumu. Seva ya kati haitikisiki. Inashika laini ya mchezo, inaupa kila mstari namba, ukirudi inakuendelezea ulipoishia. Programu yako ingeihitaji pia.

MLETA MADA
Na nywila zote zipite hapo?

FUNDI WA UJIJI
Iweke kwenye mashine ileile ya mchezo, upande wa simu uwe TLS, yaani mawasiliano yaliyofichwa. Telnet tupu ndiyo inayopitisha nywila waziwazi, na hapo hujasema kitu!

MLETA MADA
Haya, tuanze na kivinjari. Lililobaki: mtu akikatika katikati ya pambano, mhusika wake abaki apigwe au atoweke? Hapa tumegawanyika pasu kwa pasu.

DADA WA TABORA
Abaki. La sivyo kila anayezidiwa atazima data.

FUNDI WA UJIJI
Atoweke baada ya dakika mbili. Umeme wa huku mnaujua.