Mbona panya asiye na FKBP51 anatulia haraka?

Kijana wa Kisauni: Habarini wadau, nasoma baiolojia mwaka wa pili hapa Mombasa na kuna kitu kinaninyima usingizi. Tumefundishwa protini ya FKBP51 hukishika kipokezi cha homoni ya stresi ndani ya seli kisiisikie homoni vizuri, sasa mimi nikajua ukiitoa panya atazidi kuhangaika, kumbe waliozaliwa bila jeni yake homoni inapanda kidogo na kushuka haraka. Mbona kinyume? Nielezeni polepole tafadhali.

Mama Zuhura: Mwanangu swali zuri sana. Homoni hiyo ndiyo breki yake yenyewe. Chukulia mnapandisha maji tangi la juu, aliye juu akiona lajaa anapiga kelele "zima pampu!" na wa chini azima. Kelele ndiyo homoni, wa chini ni kipokezi kule kwa ubongo, FKBP51 ni pamba masikioni mwake. Toa pamba, anasikia ukelele wa kwanza, pampu inazimwa mapema. Na homoni yenyewe huiamsha jeni ya FKBP51 itengeneze zaidi, yaani kelele zikizidi na pamba yazidi, ndo maana watu wa stresi ya muda mrefu wanaifuatilia sana hii protini.

Fundi wa Maabara: Mama kamaliza, mi naongeza tu kwamba panya si mtu. Homoni yake kuu ni kortikosteroni, yetu kortisoli, na yeye ni mnyama wa usiku kwa hivyo yake inapanda jioni, yetu asubuhi. Hata harufu yako ina neno, 2014 kundi la Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill kule Kanada walionyesha panya wanapata stresi wakiwa karibu na mwanamume kuliko mwanamke. Halafu kuna dawa za kuzuia kipokezi cha CRH, homoni ya ubongo inayoanzisha mlolongo wa stresi, ambayo Wylie Vale na wenzake waliitambua 1981, kwa panya zilileta matumaini lakini kwa watu wenye dipresheni hazikushinda vidonge vitupu visivyo na dawa. Hiyo huniuma, kuna wagonjwa walikuwa wanazisubiri.

Kijana wa Kisauni: Shukran sana Mama, hiyo pamba imenifungua kabisa. Kaka fundi, kwa hivyo nikipima lazima niandike saa na aliyemshika panya?

Fundi wa Maabara: Eeh, na taa za chumba zinawashwa saa ngapi. Na damu itoe ndani ya dakika 3 tangu uguse kizimba, ukichelewa utakuwa wapima stresi uliyomtia wewe mwenyewe.