Ramirezi, rami wa Bolivia au maronii: yupi anafaa kwa maji ya Mtwara?

Mtoto wa Shangani
Wakuu, habari za leo. Nina tenki la samaki sebuleni, natafuta sikilidi (samaki wa jamii ya perege) mpole, asiyesumbua wenzake wala kung'oa majani. Jamaa wa Dar anao wa aina tatu: ramirezi wa buluu, rami wa Bolivia na maronii, yule mwenye doa jeusi ubavuni. Anataka kuwapakia kwenye basi la Ijumaa. Nichukue yupi? Bei tutaelewana.

Mama Wawili
Nzuri. Kaka, umeomba dawa bila kusema unaumwa nini. Tenki lita ngapi? Maji ya bomba, kisima au mvua? Na humo ndani sasa hivi kuna nani?

Korosho Ghafi
Ramirezi, wala usihangaike. Kwao ni bonde la Orinoco, Venezuela na Kolombia, anataka nyuzi 27 hadi 30. Wazungu wanalipia umeme kumpashia maji, sisi joto tunalo la bure. Wa Bolivia anapenda ubaridi kidogo, Desemba ya hapa atakuwa anahemea juu.

Lindi Mjini
Joto sawa, ugumu wa maji, yaani chokaa iliyomo, je? Ramirezi ni wa maji laini yenye asidi. Visima vya pwani hii tunavijua. Rami wa Bolivia hana rangi za kuringia lakini mvumilivu. Mimi ninao, na umeme ukikatika usiku kucha asubuhi nawakuta wanadai chakula.

Mzee wa Mikindani
Ngojeni niwape kisa. Niliita fundi anipambie tenki. Maji yalipokupwa akashuka ufukweni, akarudi na mawe ya tumbawe na mchanga mweupe wenye vipande vya kombe. Likapendeza, nisiseme uongo, wageni walikuwa wanapiga nalo picha. Nikaweka ramirezi sita. Mwanzoni wanakula vizuri. Baadaye rangi zikapauka, mapezi wameyabana mwilini, wamejikusanya kwenye kona ya chujio. Badilisha maji, nunua dawa, badilisha chakula, wapi! Mmoja mmoja hadi wakaisha. Mpwa wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyetoa jiwe moja, akalifuta, akalikamulia ndimu. Vipovu vidogovidogo vikaanza kutoka, na ukisogeza sikio unasikia kabisa sssss. Chokaa tupu! Linayeyuka polepole ndani ya maji na kuyafanya magumu, hata uyabadilishe kila siku. Nampigia fundi, ananiambia, "Mzee, kwani hao si samaki wa baharini?" Nikakata simu.
Kabla ya habari za Orinoco, kamulia ndimu mawe yako.

Mtoto wa Shangani
Shikamoo mzee, asante. Tenki ni futi 3 urefu, upana futi moja na nusu, kina vilevile. Maji ni ya kisima cha jirani. Sabuni haitoi povu na birika lina ukoko mweupe. Mawe nitayajaribu nikitoka kazini.

Mama Wawili
Hilo ni kama lita 190. Kwa birika hilo, ramirezi sahau, labda uchanganye na mvua. Ukibadilisha asilimia 20 kila wiki ni lita 38, nusu yake mvua, yaani 19. Mvua zetu zikiisha Aprili, hadi zirudi Desemba ni wiki 30 na kitu, mapipa matatu ya lita 200 yanakuvusha. Mvua tupu usiweke, haina madini ya kuzuia asidi isipande ghafla. Tupia na majani makavu ya mkungu, maji yakigeuka rangi ya chai usiogope.
Mimi ningechukua maronii. Anafika sentimita 10 hivi, anatoka Guyana na Surinam huko, hana makuu. Mwoga tu, akishtuka anageuka mabaka ya kahawia, kwa hiyo mwekee vigogo ajifiche. Baba na mama wanalea watoto pamoja.

Wa Newala
Dada, mvua ya huku ina masharti. Mikorosho ikipulizwa salfa, vumbi lote linatua kwenye bati. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, ndipo ukinge.

Korosho Ghafi
Salfa ina shida gani? Si mnatafuta asidi?

Wa Newala
Mwagia basi kwenye tenki lako utuletee majibu. Na si salfa peke yake, kuna dawa za maji za mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi. Nyingine zinaua samaki kwa tone.

Korosho Ghafi
Shangani hakuna mikorosho ya kupulizwa, mkuu.

Wa Newala
Upepo unauliza kata?

Mwana Mbamba Bay
Mnahangaika na mapipa wakati maji magumu yana wenyewe! Chukua mbuna, sikilidi wa Ziwa Nyasa, kisima chako na mawe yako ya chokaa atavishukuru.

Lindi Mjini
Kasema mpole. Mbuna watamalizana kabla tenki halijatulia.

Mama Wawili
Na hilo basi la Ijumaa uangalie hali ya barabara. Mvua za 2024 Somanga palivyokatika, samaki wa kwenye mfuko wangekuwa supu.

Mtoto wa Shangani
Nimerudi. Mawe mawili yamechemka, nimeyatoa. Halafu nilisahau, humo kuna kambale mmoja, mwanangu alimtoa bwawani akiwa kama kidole.

Mama Wawili
KAMBALE??

Mzee wa Mikindani
Kijana, unanunua samaki au unanunua chakula cha samaki?

Mtoto wa Shangani
Mwanangu kampa jina, nitamtoaje?

Korosho Ghafi
Sasa hivi ana urefu gani?

Mtoto wa Shangani
Kama kiganja changu na vidole vyote.

Lindi Mjini
Ramirezi ana sentimita 5. Piga hesabu mwenyewe.

Wa Newala
Huyo kambale humuuzi? Nina bwawa.