Zohali yangu haina pete. Nimeuziwa darubini mbovu?

Mtu wa Boti (Lamu), Jumatano 21 Januari 2026

Asalaam aleikum wenzangu.

Mimi ni mtu wa boti, kutwa Amu–Mokowe, Mokowe–Amu. Mwezi uliopita mgeni aliyepanga nyumba Shela alikuwa anarudi kwao, mizigo imemshinda, akaniuzia darubini ya nyota kwa shilingi 6,500. Ubavuni imeandikwa D=114mm, F=900mm. Kioo kiko chini kabisa, nawe unachungulia ubavuni karibu na mdomo. Ina miguu mitatu, kichwa cha chuma chenye jiwe la uzani kama la mizani ya samaki, na lenzi za jicho tatu: milimita 25, 10 na 4. Tena kuna kibomba kingine kimeandikwa 3x.

Nimeipandisha darini kwetu Langoni, na haya ndiyo yaliyonikuta.

Kwanza, mnara wa msikiti nauona kichwa chini miguu juu.

Pili, kitabu chake kinaniamuru nielekeze kile kichwa kwenye nyota ya kaskazini kabla ya jambo lolote. Nimeitafuta siku nne. Siku ya nne babu yangu, nahodha wa zamani, akapanda ngazi polepole na kikombe chake cha kahawa, akauliza nimepoteza nini. Nilipomwambia alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Hiyo huioni ukiwa Amu, mwanangu. Hiyo huanza kupanda ukisha kuipita Mogadishu, wenda Arabuni."

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, ni sayari ya Zohali. Simu inanionyesha ni ile ya upande wa magharibi baada ya magharibi kuswaliwa. Nikaweka lenzi ya 4 pamoja na kile kibomba cha 3x, maana nilitaka ukubwa wote niliolipia. Nikaona giza, kisha doa linatetemeka kama taa ya chemli ndani ya maji, kisha likakimbia. Nikarudi kwa lenzi ya 10, nikapata kitone cha rangi ya samli. Pete hamna. Mke wangu akachungulia, akanyamaza kidogo, akasema kwa pesa hizo tungenunua mbuzi.

Je, kioo kimeharibika? Au yule mgeni alijua anachoniuzia?

Fundi wa Mkomani

Hukutapeliwa. Ukuzaji ni ile F kugawanywa kwa lenzi ya jicho: gawanya 900 kwa 4 upate 225. Zidisha kwa 3: mara 675! Kioo cha milimita 114 mwisho wake ni kama mara 228, na hapo iwe hewa imetulia kama mafuta kwenye kisahani. Hicho kibomba kimetiwa ndani ya boksi ili darubini inunulike, si ili itazamiwe. Kifungie kabatini.

Mnara kupinduka ni kawaida ya darubini za kioo. Kwa nyota haina neno, nani atakwambia umeishika nyota kichwa chini?

Mwalimu wa Ngomeni (Malindi)

Ndugu yangu, darubini yako nzima. Umeinunua tu wakati Zohali imejifunika.

Pete zipo, lakini zimetugeuzia ukingo. Chukua sinia la pilau, ulishike mbele ya uso likiwa limelala sawa na jicho. Utaona sinia? Utaona mstari. Zohali hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi huku imeinama upande mmoja, kwa hiyo kuna miaka tunaziona pete zake kwa juu na miaka tunaziona kwa chini. Katikati ya hapo, mara mbili kwa kila mzunguko, tunapita usawa wa ukingo. Mara ya mwisho ilikuwa 23 Machi 2025, na mpaka leo hazijafunguka vya kutosha. Toka ncha hadi ncha pete zile ni karibu kilomita 280,000, lakini unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Ndiyo maana zikikaa ubavu hupotea.

Wala si wewe wa kwanza. Galileo aliitazama mwaka 1610 akaona kama ina masikio mawili. Mwaka 1612 akaitazama tena, masikio hayapo, akachanganyikiwa kabisa. Ilipofika 1659 ndipo Huygens akaandika kwamba ile ni pete. Kwa hiyo malalamiko ya mkeo yana miaka mia nne na kitu, mwambie hivyo.

Fanya hivi. Lenzi ya 10, ambayo kwako ni mara 90. Anza saa moja na nusu usiku, ingali juu, maana ikifika saa nne imeshazama kwenye utusitusi wa baharini na bara. Usichungulie ukaondoka. Kaa, pumua, tazama dakika nzima bila kubana jicho la pili. Utaona kijistari kinatokeza huku na huku, kama msumari uliotoboa limau. Na ukiwa na shaka kwamba simu inakudanganya, Ijumaa hii tarehe 23 mwezi mchanga utakuwa jirani yake, huwezi kuikosa.

Ukishamaliza hapo geuka mashariki, kile kinachong'aa kuliko vyote ni sayari ya Mshtarii. Lenzi ya 25. Utaona vijimwezi vyake vinne vimejipanga mstari mmoja, pengine kimoja kimejificha nyuma. Chora kwenye karatasi vilivyokaa. Kesho yake chora tena. Hapo ndipo watu wengi hushikwa na huu ugonjwa, si kwenye Zohali.

Sasa hicho kichwa. Kimetengenezwa kwa watu wa London na kaskazini huko, ambao nyota yao ya kaskazini iko juu nusu ya anga. Sisi tuko ikweta: nyinyi Lamu nyuzi 2 na kidogo kusini, sisi Malindi 3. Ukikifuata kitabu, mhimili itabidi ulale kabisa na jiwe la uzani litagonga mguu. Achana na kitabu. Legeza skrubu ya chini, usimamishe mhimili wima mpaka 90. Hapo kichwa kitageuka kulia na kushoto, kisha juu na chini, kama shingo ya mtu. Utakuwa unaifuatisha nyota kwa vitasa viwili badala ya kimoja, basi, hasara ni hiyo tu.

Vichwa vingine hukataa kufika 90. Kikikataa, nenda kwa seremala. Marekani kulikuwa na mtawa anaitwa John Dobson aliyekuwa akitengeneza masanduku ya mbao za kawaida, darubini inakaa ndani kama mzinga juu ya gurudumu lake, akaiweka kando ya njia San Francisco watu wachungulie bure. Mji wenye mafundi wa milango kama Amu hauwezi kushindwa na sanduku lisilo hata nakshi. Pale panaposuguana gongomea vipande vya ule ubao wa plastiki wa kukatia nyama, itateleza vizuri.

Na kutetemeka: sasa ni kaskazi, upepo haulali mpaka usiku mwingi, na dari za mawe na boriti hutikisika mtu akipita tu. Ning'iniza ndoo ya mchanga katikati ya miguu mitatu. Usiirefushe miguu, kaa chini juu ya kibao. Ukuta wa dari ukukinge upepo. Watoto wakae palepale walipo, akiruka mmoja Mshtarii inacheza chakacha.

(Msinione nasema sana. Mimi nimekulia Ngomeni, pale kwenye majukwaa ya Waitalia baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 hapo ndipo iliporushwa satelaiti iliyochunguza nyota kwa eksirei, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Baba alikuwa akitusimulia kila mwaka siku hiyo ikifika, hata tukimwambia tumeshasikia.)

Bi Shela

Kaka, kabla hujaendelea, fungua mkoba wako. Ukikuta kioo cheusi kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kwa kutazamia jua, kitupe leo. Joto lote la jua hukusanyika hapohapo, kioo kinapasuka jicho likiwa limebandikwa. Na ndani ya jicho hakuna maumivu, unajua limeungua ukishakosa kuona.

Nasema hivi kwa sababu Ramadhani haiko mbali na vijana watapanda kwako kutafuta mwezi mwandamo. Jua lizame lote kwanza, ukingo wake usibaki, ndipo darubini ielekezwe magharibi. Kama mwezi ulioonwa kwa darubini unafungishwa au haufungishwi, hilo waachie mashekhe, tusije kugombana humu.

Na tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Makka litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 5, sisi huku tutapata sehemu. Miwani maalumu itafutwe mapema, si siku hiyo watu wanashikana mashati.

Mtu wa Boti (Lamu), Alhamisi

Shukrani nyote. Kioo cheusi nilikikuta, nimekiponda kwa nyundo.

Skrubu ya kichwa ilikuwa imeshikwa na kutu la chumvi. Nimeitia mafuta ya injini usiku kucha, asubuhi nikaibembeleza kwa ufunguo wa plagi, imekubali mpaka 90. Sasa kinageuka kama shingo kweli.

Lakini mchana nimemulika kwa tochi ndani ya bomba. Kioo kina vumbi, na upande mmoja kuna kitu kama utando wa buibui. Nikifute kwa kitambaa cha miwani?

Mwalimu wa Ngomeni (Malindi)

USIFUTE. Ule mng'aro ni utando mwembamba wa alumini uliopakwa juu ya kioo, si nyuma yake kama kioo cha kujitazamia. Ukisugua mara moja na chembe ya mchanga, umechora mistari ya milele.

Huo utando wa buibui ni ukungu, unaota kwa unyevu wetu huu. Mimi binokula yangu ya 10x50, niliyoanzia, iliisha hivyo hivyo: niliihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi, nikajivunia jinsi nilivyoitunza, nikaifungua baada ya masika lenzi za ndani zimeota kama mkate wa wiki. Mfuko wa ngozi ni nyumba ya ukungu. Afadhali boksi la plastiki linalobana, na ndani vile vipakiti vyeupe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kama ni kidogo uache, hutaona tofauti. Ikikukera sana, toa kioo, kimiminie maji safi, kisha maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, pamba ipite juu yake kwa uzito wake yenyewe. Mwisho suuza kwa maji ya betri. Yale ya kuongezea, jamani, SI ya asidi. Kisimamishe kikauke chenyewe. Ukikirudisha itabidi ukipange upya kitazamane na kile kioo kidogo cha juu, na hiyo ni kazi ya jioni nzima, kwa hiyo nakushauri tena: uache.

Mtu wa Boti (Lamu), Jumamosi

Nimeuacha.

Jana nilimaliza safari ya mwisho mapema. Ndoo ya mchanga imening'inia, watoto wamepigwa marufuku, mke wangu amekaa kwenye kibao akisema anakuja kuona mbuzi wake. Mwezi ulikuwa palepale mlipoahidi, na Zohali kandokando. Lenzi ya 10. Nikakaa ile dakika nzima. Mwanzo kitone cha samli, vilevile. Halafu upepo ukapumua, kikatulia, na ule msumari ukatokea. Mwembamba! Nikidhani nauona kwa kutaka. Nikamwachia mke wangu bila kumwambia chochote. Akakaa kimya muda, akauliza, "Mbona imechomekwa kijiti?"

Basi sikuwa mwendawazimu.

Mshtarii nimechora. Leo nitachora tena.

Babu alipanda baada ya isha. Kwanza alikataa: "Kwani mato yako hayakutoshi?" Nikamwekea Kilimia, kile kishada cha nyota, kwa lenzi ya 25. Hakusema neno, akawa anahesabu kwa vidole. Alipofika ishirini na kitu akapoteza hesabu akaanza upya. Akasema wao baharini wakihesabu sita, mwenye macho makali saba, na wakitazama kilivyozama: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Halafu akaniambia nimletee Suheli, ile nyota kubwa ya upande wa kusini, ambayo alikuwa akiishika kwa mkono wa usukani miaka hiyo. Nikamwekea. Akatazama mara moja tu akainuka.

"Imebaki ile ile."

Nikamweleza nilivyosoma, kwamba nyota ziko mbali mno, ukizikuza vipi hubaki kitone. Akasema hilo analijua, alitaka kujua kama darubini nayo inalijua.

Swali la mwisho. Hii lenzi ya 4 niitupe pamoja na kibomba?

Fundi wa Mkomani

Usiitupe! Jumatatu mwezi ni nusu. Iweke hiyo ya 4, peke yake, utazame pale mwanga unapokutana na giza, uone vivuli vya milima. Kibomba endelea kukifungia.

Nami nitapanda kwako nikiwa na mkate wa mofa, kama mlango uko wazi.