Sehemu ya kwanza au ya pili? Gumzo la ukoo, Jumapili usiku

*Grupu: Ukoo wa Bibi Mwanaidi, Tanga*

Salim (20:11): Assalamu alaykum wote. Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Nyumba yangu leo haikaliki. Watoto jana wameangalia Pirates of the Caribbean ya kwanza, filamu ya maharamia, ile ya 2003, na leo wamemaliza ya pili ya 2006, Dead Man's Chest. Wanasema ya pili ndiyo kali. Mimi nasema ya kwanza haijapata mwenzake. Nisaidieni.

Nasra, Maskati (20:13): Waalaykum salaam. Watoto wako wana macho, kaka. Davy Jones, yule nahodha wa meli ya mizimu, peke yake anatosha. Ndevu zote minyiri ya pweza, kila mnyiri una mwendo wake, mkono wa kushoto gando la kaa. Pale anapopiga kinanda kwa ndevu zile, peke yake melini, mimi nilisogeza kiti mbele.

Nasra (20:14): Na mwigizaji, Bill Nighy, alicheza pale pale na wenzake akiwa amevaa nguo za kijivu zenye alama tu. Kompyuta ndiyo iliyomvika uso baadaye, mpaka macho. Miaka yote nilidhani macho ni yake mwenyewe! Walipewa Oscar kwa kazi ile na ilikuwa haki yao.

Salim (20:16): Uso nakubali, sina neno. Lakini uso si hadithi. Ya kwanza kila kitu wanachokuonyesha kina kazi yake mbele ya safari. Jack, yule haramia stelingi, ana bastola yenye risasi moja, kaitunza miaka 10 kwa ajili ya Barbossa, haramia aliyemwibia meli. Unaona ni risasi ya bure, maana Barbossa ana laana, hafi. Halafu mwisho pale pangoni risasi inatoka, na hapo hapo Will, yule kijana mhunzi, anadondosha sandukuni sarafu za mwisho zenye damu, laana inaondoka. Barbossa anajiangalia kifuani anaona damu yake. Tofaa linamtoka mkononi linabiringika. Miaka yote ile alikuwa hasikii ladha ya chochote, tofaa lenyewe hakuwahi kulifaidi.

Rehema (20:17): Hapo Salim umesema. Lile tofaa silisahau.

Kaka Juma (20:21): Mimi mizani yangu ni mtafsiri wa banda la video. Salim ulikuwa mdogo, lakini Rehema atakumbuka lile banda la Ngamiani, mabenchi ya mbao, televisheni juu ya kabati. Ya kwanza, tulipofika kwenye karakana ya mhunzi, Jack na Will wanatiana panga, punda kafungwa kwenye gurudumu, mtafsiri akaweka kipaza sauti chini. Hakuwa na cha kutafsiri. Kila mtu mle bandani kashaelewa: huyu kijana kafua panga zote zile kwa mkono wake na anajifunza masaa matatu kila siku, na yule mwingine yeye anapima miguu ya mwenzake huku jicho liko mlangoni. Tulikuwa tunasikia chuma kwa chuma, basi.

Kaka Juma (20:23): Ya pili alitafsiri mpaka sauti ikakauka. Pambano la watu watatu, Will, Jack na Norrington yule afisa wa jeshi la majini, juu ya gurudumu la kinu, linabiringika msituni, watu tunapiga makofi, na yeye anapaza sauti kutukumbusha: Will anautaka moyo wa Davy Jones ili amkomboe baba yake, Norrington anautaka arudishiwe cheo, Jack anautaka asidaiwe roho yake. Ikipita dakika anarudia tena. Pambano zuri mno kwa macho, lakini lilihitaji mtu wa kulielezea.

Nasra (20:25): Kaka Juma, nikuulize kwa heshima. Kwani hao watatu si kila mmoja ana haki yake? Ya kwanza unajua adui nani, stelingi nani, ukienda kulala umemaliza. Ya pili Norrington niliyekuwa namwona mtu wa magwanda tu, nimemkuta kalewa Tortuga, nguo zimeraruka, cheo hana. Nikamhurumia. Halafu ndiye anayeondoka na moyo. Hadithi ikinifanya nimhurumie mtu na bado nimlaumu, mimi naiheshimu.

Salim (20:26): Lakini haiishi, dada! Dakika 151 nimekaa, ya kwanza ilikuwa 143 na ilifunga kila mlango. Hii imeniacha barabarani.

Rehema (20:28): Hiyo ni kwa sababu ya pili na ya tatu walizipiga picha kwa pamoja, ya tatu ikatoka 2007. Ya kwanza waliitengeneza bila kujua kama watu wataipenda, ikabidi ijitosheleze. Ya pili walishajua tutarudi. Na tulirudi kweli: ya kwanza iliingiza kama dola milioni 654 dunia nzima, ya pili ikavuka bilioni 1.

Rehema (20:34): Mjomba katuma sauti ya dakika nne. Simu ya Bibi haifungui sauti kwa hiyo namwandikia hapa. Mjomba anasema:

"Marahaba wanangu. Mimi nimeendesha jahazi Tanga na Pemba miaka thelathini, nitasema ya chombo. Yule Jack anavyoingia mara ya kwanza, hakuna kuingia kama kule. Kasimama juu ya mlingoti kama nahodha wa merikebu, kumbe chini kidau kinavuja, anashuka kufua maji na ndoo. Anafika gatini, chombo chote kishazama, kimebaki kichwa cha mlingoti, naye anakanyaga gati bila kulowa kiatu. Hapo hajasema neno na nimeshamjua.

Halafu wanaiba merikebu, wawili tu. Afisa anawaambia watu wawili hawaiwezi. Kweli hawaiwezi, kutweka matanga yale kunataka mikono. Ndiyo maana wanajifanya wanaiba ile kubwa, askari wote wanaikimbilia, wao wanarukia ile nyepesi ambayo askari wenyewe wameshaitayarisha. Na ile kubwa wameshaiharibu usukani. Halafu wanakwenda Tortuga kutafuta mabaharia. Aliyeandika vile kafikiri kibaharia.

Ya pili niliona ni mizimu tu, mpaka pale Black Pearl, meli ya Jack, inapokimbizana na Flying Dutchman ya Davy Jones. Kwenda joshi, kuukabili upepo, Dutchman anamshinda. Wakaugeuza upepo kuwa wa nyuma, Pearl ikamwacha. Hapo nikasema kumbe bado wanajua."

Kaka Juma (20:36): Mjomba umetufundisha. Nimeangalia mara tano hilo la upepo sikuliona.

Shangazi Zuhura (20:40): Mimi nawasoma tu lakini kuna jambo limenichoma. Kile kisiwa cha wala watu kwenye ya pili. Picha walipiga Dominica, na Dominica wapo Wakalinago, wenyeji wa visiwa vile kabla ya Wazungu. Wazungu ndio waliowazushia sifa ya kula watu, na chifu wao alipinga waziwazi kuonyeshwa hivyo kwenye filamu. Wakaonyeshwa. Wajukuu wangu walikuwa wanacheka Jack anavyokimbia kafungwa kwenye mti kama mshikaki. Nikasimamisha filamu nikawaeleza. Ya kwanza haikunilazimu kusimamisha popote.

Nasra (20:42): Shangazi hapo sikupingi hata kidogo. Sehemu ile ingetolewa yote, filamu isingepungukiwa kitu.

Salim (20:43): Watoto wangu nitawaeleza kesho. Asante Shangazi.

Salim (20:45): mimi ni Aisha natumia simu ya baba. shikamooni. mnasahau Kraken lile dubwana la baharini!! minyiri inapanda melini taratibu hakuna anayeona halafu inavunja meli katikati. na Jack alikimbia na mashua akawaacha wenzake halafu akaangalia dira akarudi. ile dira kwenye ya kwanza wote wanasema mbovu. kumbe inaonyesha kitu unachokitaka kuliko vyote

Kaka Juma (20:46): Marahaba Aisha. Umeona mbali mama.

Rehema (20:48): Mjomba anacheka anasema niandike: "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwambieni Aisha amemjua Jack."

Salim (20:50): Nimerudi. Binti kanishinda hapo. Nakubali dira ya ya pili imeifanya ya kwanza iwe nzuri zaidi. Nikiitazama tena ya kwanza nitamtazama Jack kwa jicho jingine.

Bibi (20:57): Waalaykum salaam wanangu naandikiwa na Mwanahamisi. Mimi pia nilikuwepo leo kwa Salim nimekaa pembeni na tasbihi yangu. Kiingereza sikisikii ila nimeona. Nahodha yule wa pweza kaamuru kijana achapwe. Mchapaji ni jitu. Babake kijana, yule mwenye chaza zilizomganda shavuni, kampokonya jitu mjeledi akamchapa mwanawe mwenyewe. Watoto wakasema mbona baba mbaya. Nikawaambia nyamazeni, anamchapa yeye ili asichapwe na yule.

Bibi (20:59): Halafu wakacheza kamari ya dadu. Kijana kaweka nafsi yake rehani. Baba kaingia mchezoni kwa makusudi akashindwa yeye, mwanawe atoke. Ya kwanza mlinionyesha mwaka jana, nzuri, nilicheka. Hii sikucheka. Nimemkumbuka marehemu babu yenu.

Rehema (21:00): Bibi 😢

Nasra (21:01): Bibi nilikuwa sina maneno ya kusema kwa nini naipenda hii ya pili. Ni hayo.

Salim (21:03): Bibi sikujua kama ulikuwa unafuatilia.

Bibi (21:05): Nauliza. Yule baba kaachwa mle melini?

Salim (21:06): Ndiyo Bibi. Kijana kaahidi atamrudia, ila filamu imeishia hapo.

Bibi (21:08): Basi hiyo ya tatu ileteni kesho baada ya isha. Mjomba wenu na yeye aje, kutakuwa na vitumbua.