Chizi ukiwa na mimba: ya pembetatu, ngumu au ile laini ya hotelini?

BintiMchangani:
Assalaam alaykum wapenzi. Nna mimba ya miezi mitano na hamu yangu yote imehamia kwenye chizi, usiku naamka naitafuta. Mume wangu anafanya kazi hoteli moja Nungwi, jana kaniletea vipande vitatu vilivyobaki jikoni kwao, kimoja kigumu cha manjano, cha pili laini kina ganda jeupe kama limepakwa unga, cha tatu kina mishipa ya buluu. Na nyumbani nnazo zile za pembetatu za kwenye kiboksi cha duara. Mama mkwe anasema zote nitupe, shoga yangu anasema zote nile, mie nishike la nani?

UmmuWawili:
Waalaykum salaam dada, hongera kwanza. Mimba zangu zote mbili nilikula za pembetatu na cheddar ya kipande ya supamaketi, daktari hakunikataza. Hizo laini za kizungu sikuzigusa.

MkungaMstaafu:
Mwanangu BintiMchangani, hapo kijidudu cha kuogopa kinaitwa listeria, nacho hakitishiki na friji, kinazaana humohumo kwenye baridi. Chizi laini yenye ganda jeupe, yaani brie na camembert, ina majimaji na uchachu wake mdogo kwa hivyo kinapata pa kukaa, hata kama maziwa yake yamepasteuraizwa, yaani yamepashwa moto kiwandani kuua vijidudu. Ya buluu laini vilevile. Ngumu kama cheddar na parmesan ni kavu, kinashindwa kushamiri, na ya pembetatu imeyeyushwa kwa moto kiwandani. Mama anaweza kuona homa tu na maungo kuuma kama mafua, kumbe kimepita kondo la nyuma kimemfikia mtoto, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa keshakufa. Na pengine kinajitokeza baada ya wiki nyingi, hata siku 70, ushasahau ulikula nini. Ukipata homa nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ulikula chizi gani.

BintiMchangani:
Ya Rabbi. Na hizi mbili nikizipika je, maana ni ghali sana hizi, roho inaniuma kuzitupa.

MkungaMstaafu:
Zikipikwa mpaka zikatokota na kutoa moshi, kijidudu kinakufa. Lakini zako zimetoka Nungwi kwa daladala, saa nzima na zaidi kwenye mfuko wa plastiki na jua lile. Hizo tupa mama, usizionee huruma.

KijanaWaWete:
Naomba kuuliza na mimi, mke wangu tukienda mjini ni pizza ya Forodhani tu, ndani mna chizi na mayonizi na yai, ni salama?

UmmuWawili:
Kaka mwambie muuzaji aiache kwenye chuma mpaka yai likaze kabisa, mie nilikuwa naifungua kwa uma hapohapo kabla sijala, nikiona ute wa yai bado unateleza namrudishia. Iwe ya moto inayounguza mkono, si ile iliyokwishapikwa ikawekwa pembeni.

MamaChukwani:
Jamani mnazungumzia chizi za hoteli na mnasahau maziwa yetu wenyewe. Mimba yangu ya pili nilikuwa nanunua mtindi wa maziwa mabichi kwa jirani mwenye ng'ombe, mzito, mtamu, kila magharibi bakuli moja. Nikashikwa na homa inakuja inaondoka, jasho la usiku shuka linalowa, wiki mbili natibiwa mafua, mpaka nilipopimwa damu nikaambiwa ni brusela, ya maziwa mabichi. Alhamdulillah mwanangu alizaliwa mzima lakini nililia sana miezi ile. Maziwa kiwandani yanapashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu yanakuwa salama, sisi tunashindwa nini kuyachemsha mpaka yakafura? Chizi ya nyumbani siku hizi nafanya ya ndimu, maziwa yanachemka kwanza, nakamua ndimu, yakikatika nachuja kwa kitambaa safi tunakula siku ileile.

KijanaWaWete:
Shukran dada zangu. Na feta ya kopo, ile chizi nyeupe ya maji ya chumvi?

MkungaMstaafu:
Soma kopo, ikiwa maziwa yamepasteuraizwa mpe. Ukiona limeandikwa "lait cru" au "latte crudo" hayo ni maziwa mabichi, liache dukani. Na umeme ukikatika usiku kucha, usimpe iliyobaki humo frijini.

BintiMchangani:
Nshazitupa zote mbili. Na kile kigumu nacho kilikuwa kinatoa mafuta kwa joto, nimekitupa pia. Kesho mume wangu ananipitishia cheddar ya paketi Darajani, na hiyo ya ndimu naijaribu Ijumaa inshaallah. MamaChukwani, lita moja ya maziwa unatia ndimu ngapi?

MamaChukwani:
Mbili, zikiwa ndogo tatu. Tia kidogokidogo huku unakoroga.